Bakaruu: Jina la Kauboi Lililotoka Kinywani mwa Mmeksiko

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wapenzi wa lugha na historia. Wengi waliokosa nafasi ya kufika wameiomba, nami naiweka hapa nzima kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wangu, ndugu zangu wote, na ninyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango, habari za jioni.

Naanza na swali. Nikisema neno kauboi, mnamwona nani? Nimesikia mtu hapa mbele akisema, "Mzungu mwenye bastola mbili." Ahsante. Kofia pana, farasi, bastola kiunoni, yuko peke yake jangwani, hamwogopi mtu. Ndivyo tulivyomjua sote, tangu enzi za sinema za ukuta wa shule mpaka za kwenye simu.

Sasa swali la pili. Huyu bwana anafanya kazi gani?

Mmenyamaza! Tumemwona akipiga risasi, akilewa, akipigana, akiondoka jioni bila kuaga. Ng'ombe wake wako wapi? Nani kati yenu amemwona akimzalisha ng'ombe, akimtoa funza mgongoni, akimfunga ndama ampige chapa? Nani alimfundisha kutupa kitanzi kikaingia shingoni mwa fahali anayekimbia? Humu ndani wamo watu waliokua wakichunga, najua. Ninyi mnajua kwamba kazi ya ng'ombe hairithiwi kwa kuvaa kofia. Hufundishwa, na aliyefundishwa ana mwalimu. Huyo mwalimu ndiye ninayetaka kumtafuta nanyi jioni hii, na tutamtafuta kwa neno moja tu, neno la mtaani wanaloitana makauboi wenyewe katika nyanda kame za Nevada, kaskazini mwa California, Oregon ya mashariki na Idaho ya kusini. Huandikwa *buckaroo*. Hutamkwa bakaruu.

Semeni nami: bakaruu!

Vizuri. Sasa sikilizeni neno hili lilikotoka.

Wahispania wana neno la mchunga ng'ombe. Huliandika *vaquero*, kutokana na *vaca*, yaani ng'ombe jike. Lakini Mhispania na Mmeksiko, anapoanza neno kwa herufi V, midomo yake hutoa sauti ya B. Kwa hiyo kinachosikika ni bakero. Mmarekani wa Kiingereza aliyefika Texas katika miaka ya 1820 hakupewa kitabu cha sarufi. Aliyakuta malisho, akamkuta mtu juu ya farasi, akauliza, "Yule ni nani?" Akajibiwa, "Bakero." Akalichukua kwa sikio lake, akalitamka kwa ulimi wake, akaliandika kwa kubahatisha. Katika maandishi ya Texas ya mwaka 1827 neno limeandikwa *bakhara*. Baadaye likaandikwa *baccaro*, mara *buckayro*, kila mtu na tahajia yake, mpaka likatulia kwenye *buckaroo* mwishoni mwa karne ile. Njiani mkazo wa sauti ulihama ukaenda mwisho wa neno. Tena Kiingereza kinalo neno *buck*, ambalo humaanisha pia farasi kurusha miguu ili amwangushe mpandaji, na neno hilo lilikuwa linangoja pale pale mlangoni. Mtu akisikia *buck* ndani ya bakaruu anaona maana imekamilika. Sisi wenyewe tumefanya hivyo mara ngapi? Kiplefti ni nini kama si amri ya kibao cha barabarani, kaa kushoto, iliyogeuka ikawa jina la mzunguko wenyewe? Manowari ilitoka wapi? Tulisikia, tukatamka, tukaendelea na safari.

Zingatieni jambo moja. Neno linapoazimwa kwa njia ya vitabu, tahajia yake huja nayo. Linapofika limevunjwavunjwa hivi, herufi zake nyingi zimebadilika, sauti tu ndiyo imebaki, ujue limepita midomoni mwa watu waliokuwa wakifanya kazi pamoja. Mmoja alikuwa anaonyesha, mwingine anaangalia. Mwaka 1827 Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko. Mgeni pale alikuwa Mmarekani. Mwenyeji wa kazi alikuwa bakero.

Sasa huyu bakero alikuwa nani? Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo pana utamu.

Amerika haikuwa na ng'ombe wa kufugwa. Haikuwa na farasi wa kupandwa. Ng'ombe wa kwanza waliletwa katika visiwa vya Karibi na Columbus kwenye safari yake ya pili, mwaka 1493. Wakafika Meksiko mwaka 1521, mwaka ule ule mji mkuu wa Waazteki ulipoanguka. Mwaka 1598 wakapelekwa kaskazini na msafara wa Juan de Oñate mpaka New Mexico. Mwaka 1769 wakaingia California pamoja na mapadri Wafransisko walioanza misheni ya San Diego. Ng'ombe wakaongezeka kupita kiasi. Na nani awachunge? Bwana Mhispania hakushuka kutoka kwenye nyumba yake kwenda kulala na mifugo. Kwa miaka mingi sheria za Wahispania ziliwakataza wenyeji wa asili kupanda farasi, maana mtu juu ya farasi ni askari. Lakini ng'ombe wa nyanda zile huwezi kumchunga kwa miguu na fimbo kama tunavyofanya sisi. Ni wa mwitu nusu, anakimbia, ana pembe. Basi mapadri wakalazimika kuwapandisha farasi watu wale wale waliokatazwa. Wachumash, Waluiseño, Waohlone na wengine wa pwani ya California wakawa mabakero wa misheni. Huko Meksiko walikuwepo machotara, wenyeji, na watu weusi waliotolewa Afrika utumwani.

Kwa hiyo mtu anapokuambia kauboi wa kwanza alikuwa Mzungu mwenye bastola, mwulize: unamzungumzia kauboi gani? Maana wa kwanza alikuwa mtu aliyekatazwa farasi kwa sheria, kisha akapewa farasi kwa sababu ya kazi, kisha akaimudu farasi kuliko bwana wake.

Na aliimudu, ndugu zangu! Bakero wa California hakumwanza farasi mchanga kwa lijamu ya chuma mdomoni. Alimwanza kwa hatamu ya ngozi iliyosukwa, inayokaa juu ya pua, mdomo usiguswe. Akakaa naye hivyo muda mrefu. Kisha akaongeza lijamu taratibu, hatamu mbili kwa pamoja, na ikachukua miaka kabla farasi hajaitwa amekamilika. Farasi aliyekamilika aligeuka kwa kuguswa kidogo tu, mkono haukumvuta. Kamba yake ilikuwa ya ngozi mbichi iliyosukwa, na futi 60 kwake halikuwa jambo la ajabu. Kitanzi kikishamshika ng'ombe, hakuifunga kamba kwenye tandiko. Aliizungusha kwenye pembe ya tandiko, yaani kile kishikio kinachosimama mbele ya mpandaji, akaiacha iteleze na kukaza kadiri anavyotaka, ili ngozi isikatike na mnyama asivunjike. Akikosea, kidole gumba kinabaki kati ya kamba na pembe, kinaondoka. Wako waliopoteza vidole hivyo, na hata leo wapo.

Kitendo hicho cha kuzungusha kamba Wahispania walikiita *dar la vuelta*, na mwalimu akimpigia kelele mwanafunzi alisema *dale vuelta*, yaani ipe mzunguko. Mwanafunzi Mmarekani akasikia "dali", na mpaka leo kauboi husema *dally*. Na haikuishia hapo. Kamba ya *la reata* ikawa *lariat*. Kitanzi cha *lazo* kikawa *lasso*. Suruali za ngozi za kujikinga na miiba, *chaparreras*, zikawa *chaps*. Farasi asiye na mwenyewe, *mesteño*, akawa *mustang*. *Rancho* ikawa *ranch*. Zizi likabaki *corral*. Kuwakusanya ng'ombe kwa kuwazunguka, *rodeo*, jina halikuguswa hata herufi. Mkimvua kauboi wa Marekani kila kitu chenye jina la Kihispania, mtamwacha na nini? Atasimama uwanjani bila kamba, bila zizi, bila farasi.

Na hatamu ile ya puani? Kihispania inaitwa *jáquima*, Mmarekani akaifanya *hackamore*. Lakini *jáquima* si ya Kihispania kwa asili. Ni ya Kiarabu, *shakima*. Waislamu wa Afrika ya Kaskazini waliingia Uhispania mwaka 711, na utawala wao wa mwisho pale, Granada, ulianguka mwaka 1492, mwaka mmoja tu kabla ng'ombe wa Columbus hawajashuka Karibi. Katika karne hizo zote walikaa na farasi zao, tandiko zao na mbinu zao. Mhispania humwita mpanda farasi hodari *jinete*, na jina hilo limetoka kwa Wazenata, kabila la Waberiberi wa Afrika ya Kaskazini waliosifika kwa kupanda wakiwa na vikuku vifupi vya kukanyagia na magoti yamekunjwa. Na sisi hapa, hatamu tumeipata wapi? Lijamu tumeipata wapi? Kwa Waarabu hao hao, kwa njia ya bahari. Kauboi wa Nevada anapomvika farasi wake, na msomaji wa tenzi za Kiswahili anapokutana na hatamu, wote wawili wana deni kwa mwalimu mmoja.

Sasa niwasimulie jinsi neno lilivyopanda kaskazini.

Mwaka 1872 kijana mmoja aitwaye Pete French aliondoka California akiwa na ng'ombe kiasi cha 1,200. Mali ile ilikuwa ya tajiri wa ngano, daktari Hugh Glenn. Alifuatana na mabakero wachache wa Kimeksiko na mpishi Mchina. Wakasafiri mpaka kusini mashariki mwa Oregon, chini ya mlima Steens, kwenye bonde la mto Blitzen lenye majani na maji. Hapakuwa na reli, hapakuwa na mji. French akaanzisha ranchi yake, akaipanua mpaka ikazidi ekari laki moja. Akajenga banda la duara, paa lake limeshikiliwa na nguzo za mti wa juniper, ili mabakero waweze kufundisha farasi ndani wakati wa theluji, wakizunguka na kuzunguka bila kupigwa na upepo. Banda hilo bado limesimama, watu huenda kulitazama.

French mwenyewe hakufika uzeeni. Aligombana na walowezi wadogo kuhusu mipaka na njia za kupita, na siku moja baada ya Krismasi ya mwaka 1897 mlowezi mmoja alimpiga risasi, akafa. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru aliyempiga. Hiyo ndiyo sehemu ya habari ambayo watu hupenda kuisimulia, kwa kuwa ina bastola. Lakini mimi najali zaidi wale mabakero. Vijana wa Oregon waliokuja kuomba kazi kwa French hawakujifunza kwa French. Walijifunza kwa Wameksiko wale: kusuka ngozi, kutupa kitanzi kirefu, kumpa farasi miaka yake. Wakaiga kofia yenye kilele bapa, wakaiga leso ya hariri shingoni, wakaiga jina. Mwalimu alikuwa bakero. Wanafunzi wakajiita bakaruu. Na hata leo, ukienda kule ukamwita mtu kauboi anaweza kukurekebisha kwa heshima: kauboi wako Texas, mimi ni bakaruu.

Maana majina haya hayalingani. Texas wanapenda kamba fupi iliyofungwa kabisa kwenye tandiko, na huko jina la mtaani lilikuwa jingine, *cowpuncher*, mchokoa ng'ombe, pamoja na ndugu yake *cowpoke*. Majina hayo yalienea wakati wa reli. Kuanzia mwaka 1867 ng'ombe wa Texas walikuwa wakiswagwa mamia ya maili hadi Abilene, Kansas, wapakiwe mabehewani kwenda machinjioni Chicago. Vijana walisimama na miti mirefu wakiwachokoa ng'ombe waingie na wasilale njiani. Na jina kauboi lenyewe? Halikuwa na sifa njema siku zote. Katika vita vya uhuru vya Marekani, karibu na New York, liliwahusu wezi wa ng'ombe waliokuwa upande wa mfalme wa Uingereza. Kule Tombstone, Arizona, mwanzoni mwa miaka ya 1880, ukimwita mfugaji wa heshima kauboi umemtukana, umemwita jambazi. Sinema ndizo zilizokuja kulisafisha.

Sasa nafika mahali ambapo najua baadhi yenu mmenisubiri.

Nimeona mikono miwili imeinuka tangu mwanzo, na najua swali. "Je, si kweli kwamba bakaruu ni neno la Kiafrika?" Swali zuri, na lina watu wake. Mwaka 1960 mtaalamu mmoja wa Marekani alitoa hoja hiyo. Alisema hivi: Waefik na Waibibio wa Nigeria ya kusini mashariki, pwani ya Calabar, wana neno *mbakara*. Maana yake ni Mzungu, bwana mkubwa. Watumwa walilivusha bahari. Katika visiwa vya Karibi na kwa Wagullah, watu weusi wa pwani za South Carolina na Georgia, likawa *buckra*. Mpaka hapo hakuna ubishi, *buckra* kweli ni neno la Kiafrika, kweli lilisemwa na babu zetu wale. Kisha mtaalamu akasema, *buckra* ndiyo iliyozaa bakaruu.

Ndugu zangu, ningependa iwe hivyo. Moyo wangu ungefurahi. Lakini tulitazame neno. *Buckra* ni bwana, ni mwenye shamba. Bakaruu ni kibarua wa kulipwa kwa mwezi. Neno la bwana litashukaje mpaka likawa jina la kibarua? *Buckra* ilikuwa ya pwani ya mashariki. Bakaruu ilionekana kwanza Texas, mikononi mwa Wameksiko, kisha ikaota mizizi Nevada na Oregon, ambako Mgullah hakufika na Mmeksiko alifika. Na tahajia zile za mwanzo zote zinaelekeza kidole kwenye bakero. Wataalamu waliofuata waliikataa hoja ile. Wapo waliobakisha mlango wazi kidogo, wakasema kwamba walowezi wa kusini walihamia Texas na watumwa wao kuanzia miaka ya 1820, na sikio lililokuwa limezoea *buckra* huenda lilisaidia kuibadilisha bakero ikawa na sauti ile. Hilo naliona linawezekana. Zaidi ya hapo sitasema.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mtu mweusi katika historia ya ng'ombe wa Marekani hahitaji kubebwa na neno la kulazimisha. Ushahidi wake umejaa. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba katika misafara ile ya kutoka Texas, huenda mtu mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Mmoja kati ya wanne! Mmewaona wangapi kwenye sinema?

Chukueni mfano wa Bose Ikard. Alizaliwa utumwani Mississippi, akakulia Texas, na huko ndiko alikojifunza ng'ombe. Utumwa ulipoisha mwaka 1865 akaenda kufanya kazi na Oliver Loving na Charles Goodnight, waliofungua njia ya kupeleka ng'ombe New Mexico na Colorado kuanzia mwaka 1866. Njia ile ilikuwa na jangwa lisilo na tone la maji kwa siku kadhaa. Ng'ombe wakinusa maji ya mto kwa mbali hupandwa na wazimu, wakakimbia wakakanyagana. Goodnight alimwamini Ikard kuliko mtu yeyote, na aliposafiri na fedha za mauzo, maelfu ya dola, yeye ndiye aliyezibeba. Goodnight alisema wazi kwamba jambazi asingefikiria kumpekua mtu mweusi akitafuta fedha. Ikard alipofariki mwaka 1929, Goodnight aliyekuwa mzee wa miaka tisini na kitu akamwekea jiwe la kaburi lenye maneno ya kumsifu.

Na Bill Pickett, Mtexas aliyezaliwa mwaka 1870. Aliwatazama mbwa wa wafugaji wakimshika ng'ombe mkaidi kwa kumng'ata mdomo wa juu, naye akafanya vivyo hivyo kwa meno yake. Anaruka kutoka kwenye farasi anayekimbia, anamshika dume pembe, anamng'ata mdomo, anamwangusha. Watu walilipa kiingilio kumwona. Mchezo wa kumwangusha dume kwa mikono unaoshindaniwa leo kwenye rodeo, ambazo sasa ni mashindano ya makauboi, kote Marekani ulitoka kwake, ingawa wa leo hawang'ati.

Huko mitandaoni inazunguka pia habari kwamba jina kauboi lilitungwa kwa ajili ya watu weusi, kwa kuwa mtu mweusi aliitwa "boi" hata akiwa na mvi. Kwamba waliitwa hivyo kwa dharau, ni kweli, na inauma. Lakini neno lenyewe lina umri mkubwa zaidi. Jonathan Swift wa Ireland aliliandika mwaka 1725, akimaanisha mvulana wa kuchunga ng'ombe. Tuwaheshimu Ikard na Pickett kwa yale waliyoyafanya kweli.

Nirudi kwa bakero, maana hakwenda kaskazini tu. Alivuka bahari.

Mwaka 1793 nahodha wa Kiingereza George Vancouver alimpa zawadi ya ng'ombe mfalme Kamehameha wa Hawaii. Mfalme akaweka mwiko: asiuawe ng'ombe kwa miaka kumi. Mnajua kilichotokea, wafugaji mliomo humu. Ng'ombe wakajaa kisiwa, wakawa wa mwitu, wakabomoa mashamba ya viazi na kuta za mawe, wakawafukuza watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 mfalme Kamehameha wa tatu akaagiza mabakero kutoka California, ambayo wakati huo ilikuwa Meksiko. Wakaja na tandiko zao na kamba zao za ngozi. Wenyeji wakawauliza, ninyi ni nani? Wakajibu, *español*. Lugha ya Kihawaii haina sauti ya S. Likawa *paniolo*. Na mpaka leo kauboi wa Hawaii anaitwa paniolo, hata awe Mhawaii wa damu kabisa, ambaye babu yake aliwaswaga ng'ombe mpaka baharini, akaogelea nao kuwapeleka kwenye meli.

Mnaona? Neno lile lile la mwalimu, limepita sikio jingine, limetoka na sura nyingine. Mara hii hawakuchukua jina la kazi. Walichukua jina la taifa lake.

Mwaka 1908 mapaniolo watatu walisafiri mpaka Cheyenne, Wyoming, kwenye mashindano makubwa ya rodeo ya wakati huo. Watu wa Wyoming hawakuwa wamesikia kwamba visiwani kuna ng'ombe. Mapaniolo hawakuja na farasi wao, walipanda wa kuazima. Ikua Purdy wa Waimea akamfukuza dume, akamtia kitanzi, akamwangusha, akamfunga miguu kwa sekunde 56, akawa bingwa wa dunia. Mwenzake Archie Ka'au'a akashika nafasi ya tatu. Hebu fikirini uwanja ule ulivyonyamaza! Makauboi wa Marekani walikuwa wameshindwa na wanafunzi wenzao wa mwalimu mmoja.

Na kwetu Afrika neno la kauboi lilichukua njia yake. Katika miaka ya 1950, kule Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, vijana walitazama sinema za makauboi wakajipa jina: Bill. Kutokana na Buffalo Bill. Walivaa jinzi na mashati ya mirabaraba na leso shingoni, wakatunga lugha yao, Hindubill, kwa kuchanganya Kilingala, Kifaransa na kila kilichowapendeza, na neno Hindu ndani yake lilitokana na sinema za Kihindi walizozipenda vile vile. Wao hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Walikutana na kauboi ukutani, kwenye taa ya sinema, si malishoni. Ndiyo maana neno lao halina harufu ya bakero kabisa. Lina jina la mwenye maonyesho. William Cody, huyo Buffalo Bill, alikuwa mtu wa jukwaa, alianza maonyesho yake mwaka 1883 akayapeleka mpaka Ulaya. Ingawa, na hili niliseme kwa haki, katika maonyesho yake aliwaweka pia Wameksiko, na watu walioyaona kwa macho yao waliwaona mabakero wakizungusha kamba. Sinema iliyofuata ndiyo iliyowafuta, au ikawapa nafasi ya kuwa wezi.

Hicho ndicho kinachoniuma, na ndicho kilichonileta mbele yenu. Watu waliofundisha kazi nzima, jina la kila kifaa, namna ya kumkalia farasi, wakaandikwa kwenye hadithi kama majambazi wa pembeni. Wenyeji wa asili waliokuwa mabakero wa misheni wakaandikwa kama maadui wa kauboi, wakati wao walikuwa makauboi kabla yake. Neno la mtaani, ambalo hakuna aliyelilinda, ambalo wasomi waliliona ni kosa la matamshi, ndilo lililobaki likiwataja.

Mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2016 UNESCO iliuweka ufundi wa wapanda farasi wa Meksiko, charrería, kwenye orodha ya urithi wa wanadamu. Kule Elko, Nevada, tangu mwaka 1985 makauboi hukutana kila majira ya baridi kusoma mashairi yao wenyewe. Nasi wa ngonjera na tenzi tungekaa nao vizuri. Na katika ranchi za Nevada na Idaho, baadhi ya hao mabakaruu wa leo ni Washoshone na Wapaiute, wenyeji wa asili wa kule, ambao wazee wao walishika kamba tangu ng'ombe wa kwanza walipofika kule.

Nimetumia muda wangu wote na wa mwenyekiti kidogo. Yupo mzee kule kulia ambaye, tangu nilipotaja kumfundisha farasi bila kumwumiza mdomo, amekuwa akitikisa kichwa, na sijajua kama anakubali au anakataa. Mzee, shikamoo. Kipaza sauti hicho kinakuja, tuanze na wewe.